Ziada ya Silva Ipimwe kwa Bei ya Kuuzia

Kila anayeanza kununua madini ya fedha, yaani silva, hukutana na jambo moja linalomuudhi. Simu inamwonyesha bei ya wakia moja (gramu 31.1) katika soko la dunia, lakini muuzaji anataka zaidi ya hapo: asilimia kumi, kumi na tano, hata ishirini juu yake. Wengi huondoka wakiamini wamelanguliwa. Mimi nailipa ziada hiyo bila kinyongo, mradi iwe ya haki. Kinachonikera ni kuona watu wakibishana juu ya ukubwa wake bila kuuliza ni kiasi gani kitarudi siku ya kuuza.

Ile bei ya kwenye simu si bei ya sarafu. Ni bei ya biashara kubwa za London na New York, ambako mche mmoja wa silva una wakia zipatazo 1,000, sawa na kilo 31 hivi, na mkataba mmoja wa COMEX, soko la mikataba ya madini la New York, ni wa wakia 5,000. Ili mche huo uwe sarafu ya gramu 31.1 mkononi mwako, sharti uyeyushwe, uchapwe, ufungashwe, ukatiwe bima na usafirishwe, na kila anayeugusa ana mshahara wake. Hata kiwanda cha sarafu cha serikali ya Marekani hakimuuzii mwananchi moja kwa moja sarafu zake za silva za uwekezaji ziitwazo Silver Eagle. Huwauzia wafanyabiashara wachache walioidhinishwa, kwa bei ya silva pamoja na ada juu ya kila sarafu. Ziada imeshaanza kuhesabiwa kabla sarafu haijafika dukani, na anayedai auziwe kwa bei ya simu anadai kazi ya watu wote hao iwe ya bure.

Sasa chukua mfano. Tuseme wakia moja iko dola 30. Sarafu ya serikali inayojulikana kila mahali inauzwa dola 36, na kipande cha kiwanda kisichojulikana kinauzwa dola 33. Anayetazama ziada peke yake atachukua cha dola 33 na kujiona mjanja. Lakini uliza muuzaji angevinunua kwa bei gani kama ungevirudisha siku hiyo hiyo. Iwapo sarafu ya serikali inanunuliwa dola 33, umepoteza dola 3. Iwapo kile kipande kinanunuliwa dola 28.50, umepoteza dola 4.50. Aliyelipa ziada ya asilimia 20 kapoteza kidogo kuliko aliyelipa asilimia 10. Hiyo tofauti kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza ndiyo gharama yako halisi, na silva lazima ipande kiasi hicho kwanza kabla hujaona faida hata senti moja.

Si kila sehemu ya ziada huweza kurudi. Kodi hairudi. Uingereza, kwa mfano, hutoza VAT ya asilimia 20 kwenye silva mpya huku dhahabu ya uwekezaji ikisamehewa, kwa hiyo mnunuzi wa huko anaanza akiwa nyuma sana. Masanduku ya mbao, vyeti vyenye nembo na maneno kama "toleo la wachache" navyo kwa kawaida hayarudishi kitu, kwa sababu anayenunua kwa uzito hulipia uzito. Vipande vya gramu moja ndivyo vibaya kuliko vyote. Gharama ya kuchapa haipungui mara thelathini eti kwa sababu silva iliyomo imepungua mara thelathini, na mara nyingi hapo ziada hupita thamani ya madini yenyewe. Huwa naumia nikiona watu wenye kipato kidogo ndio wanaoshawishiwa kuvinunua. Ni afadhali wadunduize mpaka wafikie wakia nzima.

Wakati nao una neno lake. Machi 2020 bei ya dunia ilianguka chini ya dola 12 kwa wakia, lakini hakuna aliyepata sarafu kwa bei hiyo. Wanunuzi walimiminika, bidhaa zikakauka, na ziada ya sarafu zinazopendwa ikapita asilimia 50. Waliozinunua wakati ule hawakuibiwa, ila walikuwa wakilipia uhaba, na uhaba ukiisha ile sehemu ya ziada huyeyuka hata kama bei ya silva imesimama palepale.

Kwa hiyo nimejiwekea mipaka, ambayo si sheria kwa mtu mwingine. Soko likiwa tulivu, miche ya kilo moja nailipia ziada isiyozidi asilimia 10, na sarafu za serikali za wakia moja hadi asilimia 15. Naweza kufika 20 ikiwa nina mtu wa kuzinunua tena kwangu kwa bei iliyo juu ya ile ya dunia. Ikizidi hapo nangoja, maana silva haiozi na viwanda havifungwi milele.

Na kabla ya kutoa pesa namuuliza muuzaji swali moja: nikikuletea hiki kesho, bei ya dunia ikiwa hii hii, utanipa ngapi? Anayejua kazi yake hutaja kiasi papo hapo. Anayejibu "tutaona wakati huo" simnunulii, hata akinipa kwa ziada ya asilimia tano.