Faida ya asilimia 12 Dodoma si mara tatu ya asilimia 4 ya London

Wana Dodoma walioko Uingereza wakigusia uwekezaji, hoja huwa ile ile: kwa nini pauni zikae kwenye mfuko wa hisa uitwao ETF, unaotoa gawio (mgao wa faida kwa wenye hisa) la asilimia 4, ilhali nyumbani hatifungani, yaani mkopo unaoipa serikali kwa riba, inalipa tarakimu mbili, tuseme asilimia 12? Kwangu, hesabu hiyo imeanza vibaya.

Gawio si faida yote. ETF ni kapu la hisa za kampuni nyingi, na kipande chake huuzwa sokoni kama hisa. Kipande cha pauni 100 kikigawa pauni 3, siku kinapoanza kuuzwa bila gawio hilo bei hushuka kuelekea 97. Umelipwa sehemu ya mali yako mwenyewe. Mifuko mingine hairushi gawio nje, hulinunulia hisa zaidi, na bei ndiyo inayokua. Faida kamili ni gawio pamoja na mabadiliko ya bei, ukitoa kodi na ada.

Sasa turudi kwenye asilimia 12. Pauni ikipanda kwa asilimia 6 dhidi ya shilingi mwaka huo, gawanya 1.12 kwa 1.06: kwa pauni umebaki na asilimia 5.7 hivi. Lakini kama fedha ni ya kujenga Iyumbu au kulipa ada za shule Dodoma, kipimo chako ni mfumuko wa bei wa Tanzania, na hapo hatifungani ina nguvu kweli. Kwanza amua fedha itatumika wapi.

Ambapo Uingereza imetuzidi ni unafuu wa gharama, na wengi hawauangalii. Pauni 10,000 zikikua asilimia 7 kwa mwaka kwa miaka 20, ada ya mfuko ya asilimia 0.1 kwa mwaka inakuachia kama 38,000. Ada ya 1.5 inakuachia kama 29,200. Halafu kuna akaunti ya ISA: unaweka hadi pauni 20,000 kwa mwaka na hulipi kodi ya Uingereza kwenye gawio wala ongezeko la bei. Nje ya ISA, gawio linalozidi pauni 500 kwa mwaka hutozwa kodi, hata lile ambalo mfuko umelirudisha ndani na hukuliona. Watu hunaswa hapo.

Kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam kodi ya gawio ni asilimia 5 tu, na kampuni huikata kabla ya kukulipa. Tatizo ni wanunuzi wachache: hisa za kampuni ndogo zinaweza kukaa siku nyingi bila mteja, kwa hiyo fedha ya dharura isiende huko. Angalia pia tarehe ya kufunga daftari la wanahisa. Ukinunua baada yake, gawio la mwaka huo ni la aliyekuuzia.

Anayepanga kurudi Dodoma ajue na hili: ukiacha kuwa mkazi wa Uingereza, ISA yako inabaki, ila baada ya mwaka wa kodi uliohama huruhusiwi kuongeza hata pauni moja. Ijaze ungali huko.