Zinjanthropus: tulifute jina au tulifafanue?

Walimu wawili wa sekondari hapa Dodoma, mmoja wa historia na mwingine wa baiolojia, wanabishana kuhusu jina linaloandikwa ubaoni kila mwaka: Zinjanthropus, kiumbe wa kale aliyefanana na binadamu. Wa baiolojia anataka liondolewe, kwa kuwa wanasayansi wengi sasa humwita kiumbe huyo Paranthropus boisei. Wa historia anasema dunia ilimjua kwa jina hilo, tena limebeba Zinj, jina la kale la pwani yetu.

Hoja ya baiolojia ina uzito. Mtafiti Mary Leakey alipoliona fuvu la kiumbe huyo katika bonde la Olduvai Julai 1959, mumewe Louis alilipa jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) ya peke yake, akaliita Zinjanthropus boisei. Baadaye wengi wakaona linashabihiana mno na mafuvu ya Afrika Kusini ambayo Robert Broom aliyaita Paranthropus tangu 1938: magego makubwa, taya nzito, na ukingo wa mfupa utosini ambako misuli ya kutafunia ilijishikiza. Jenasi ikabadilika, boisei likabaki, maana kanuni hulinda jina la spishi lililotangulia. Hata hivyo wapo wanaomweka kwenye jenasi nyingine, Australopithecus, hivyo anayefuta jina la zamani asidhani ameandika la mwisho.

Mimi kinachonisumbua zaidi ni kile kinachofundishwa pamoja na jina. Mwanafunzi anayekariri “Zinjanthropus, mtu wa kwanza” anaondoka akiamini huyu ni babu yetu. Siye. Ni tawi la pembeni lililotoweka. Hata zana za mawe alizohesabiwa mwanzoni zilihamishiwa kwa Homo habilis, spishi ya kale ya jenasi yetu wenyewe, aliyetangazwa 1964. Na mgunduzi anayeandikwa madaftarini ni Louis, ambaye siku ile alikuwa kambini anaumwa!

Kule Kolo, Kondoa, nimesikia watoto wakiuliza kama michoro ya miambani ilichorwa na Zinjanthropus. Michoro ile ina umri wa maelfu ya miaka. Fuvu lina takriban miaka milioni 1.75. Mpe mtoto yule jina jipya tu, atauliza swali lile lile.

Kwa hiyo Paranthropus boisei liwe jina la somo, na Zinjanthropus lifundishwe pamoja na mwaka wake na sababu ya kuachwa. Kwenye mtihani, anayeandika la zamani asinyimwe alama mpaka vitabu vibadilishwe, maana havitafika Chamwino na Dodoma Mjini siku moja.