Mlango hauhesabu nia za watu

Wanaopinga modeli za kihisabati za mwendo wa umati husema kwamba binadamu si chembe: ameshika mtoto, anamsubiri mwenzake, anaweza kubadili nia akageuka. Ni kweli, na katika ukumbi wenye nafasi modeli isiyojali hayo hukosea. Lakini watu wakishabanana bega kwa bega, nia ya mtu mmoja haina tena pa kwenda, na huko ndiko vifo hutokea.

Tuchukue njia yenye upana wa mita 2, na mlinganyo wa kasi na msongamano ambao mtafiti Weidmann aliuchapisha mwaka 1993, unaotumika hadi leo. Mtu asiyezuiwa hutembea mita 1.34 kwa sekunde. Wakifika watu 2 katika kila mita ya mraba, kasi hushuka hadi karibu mita 0.6, na njia yetu hupitisha watu 145 hivi kwa dakika. Hapo tuko karibu kabisa na kilele cha idadi ambayo njia inaweza kupitisha. Wakiwa 4, kasi ni mita 0.16 tu na wanaopita ni 75. Umati umeongezeka maradufu, njia inatoa nusu.

Sasa tuseme wanaofika ni 200 kwa dakika. Mwanzoni foleni hukua kwa watu 55 kila dakika, jambo ambalo msimamizi anaweza kulivumilia. Lakini foleni hiyo hiyo ndiyo inayobana mdomo wa njia, na ukishabanwa, wanaorundikana ni 125 kwa dakika ingawa idadi ya wanaofika haijabadilika. Aliye nyuma haoni lolote. Anaona kijinafasi mbele yake, anasogea nusu hatua. Nusu hatua za mamia ya watu hujumlishwa kifuani mwa aliye mbele, naye hukosa pumzi akiwa bado amesimama wima. Kumwambia baadaye kwamba alipatwa na taharuki ni kumwonea. Kosa lilikuwa kwenye upana wa njia na kwenye ratiba ya kuwafikisha watu.

Modeli ya nguvu za kijamii ya watafiti Helbing na Molnár (1995) humpa kila mtu kasi anayoitamani na msukumo wa kujitenga na wengine. Toleo lake la mwaka 2000 lilipoongeza msuguano wa miili, lilionyesha kwamba kwenye mlango mwembamba, tamaa ya kwenda kasi kuliko mita 1.5 hivi kwa sekunde huchelewesha kutoka. Miili hujifunga kama tao mbele ya mlango.

Hoja nzito kuliko ile ya nia hutoka kwenye vipimo. Mlinganyo wa Weidmann husimamisha umati kabisa kwenye watu 5.4 kwa mita ya mraba. Video za mahujaji huko Mina, karibu na Makka, za Januari 2006, zilizochambuliwa na Helbing na wenzake, zilionyesha umati ukisonga hata penye watu karibu 10: kwanza mawimbi ya kusimama na kwenda, kisha mtikisiko uliowarusha watu huku na huko. Kwa hiyo namba zangu hapo juu hazihamishiki kila mahali. Ukubwa wa miili, mizigo, familia zilizoshikana mikono, vyote huisogeza mistari ya grafu ya kasi na msongamano. Tiba yake ni kupima umati wa pale pale, si kurudia kukisia kwa macho.

Lawama nyingine inastahili kabisa: video moja nzuri ya kompyuta ikiwekwa mezani kama ushahidi. Uigaji wa mara moja hauthibitishi kitu, kwa kuwa kasi na mahali pa kuanzia hupangwa kwa bahati nasibu. Ripoti ieleze umerudiwa mara ngapi, muda mbaya zaidi ulikuwa upi, wanaofika walikadiriwaje kwa kila dakika, na ilikuwaje mlango mmoja ulipofungwa.