Jiografia kidato cha tano: angalia kwanza imekaa na nani kwenye kombi

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, na wazazi wakianza kuhangaika na Selform (fomu ya mtandaoni ya uchaguzi wa kidato cha tano) kubadili tahasusi, yaani kombi ya masomo matatu, za watoto, maneno huwa yale yale: Jiografia ni somo la kujazia. Umekosa alama za Fizikia, unapewa Jiografia, unakariri matirio miaka miwili, unafaulu, unarudi kukaa nyumbani na cheti.

Wanaosema hivyo wana hoja nzito. Aliyesoma HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) au HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili) mara nyingi huishia kwenye ualimu, na kwa miaka sasa matangazo ya ajira za walimu yamekuwa yakiwatafuta zaidi wa Fizikia na Hisabati, wa sanaa wakibaki kwenye foleni. Hata darasani kukariri kupo. Utamkuta mwanafunzi anakueleza kwa Kiingereza kilichonyooka jinsi Marekani ilivyounda mamlaka ya mabwawa na umeme ya Bonde la Tennessee mwaka 1933, ila muulize bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati ngapi (ni 2,115), anabaki kukuangalia.

Lakini Jiografia hiyo hiyo imo kwenye HGE (na Historia na Uchumi), EGM (na Uchumi na Hisabati), CBG (na Kemia na Biolojia) na PGM (na Fizikia na Hisabati). Ni masomo machache yanayokaa na Historia, Uchumi, Kemia na Fizikia bila kuonekana mgeni. Mwenye PGM aliyefaulu vizuri anaweza kuomba upimaji ardhi Chuo Kikuu Ardhi, na wa EGM ana uchumi na takwimu mbele yake. Mtihani wa Jiografia waliofanya ni ule ule wa mwenzao wa HGL. Kwa hiyo anayeuliza kama Jiografia "inalipa" ajibiwe kwa swali: ya kombi gani?

CBG ndiyo inanitia wasiwasi zaidi. Kuna watoto wanaikimbilia ili waiepuke Fizikia, huku nyumbani wameshaanza kuitwa daktari. Udaktari wa binadamu hapa nchini unataka Fizikia, Kemia na Biolojia. Mwenye CBG atapokelewa kwenye kilimo, misitu au wanyamapori, kozi nzuri tu, lakini aambiwe mapema, siyo siku ya kuomba chuo.

Na hilo la "kukariri tu" haliwezi kusemwa na mtu aliyewahi kukaa na ramani ya 1:50,000 kwenye pepa ya kwanza. Unapewa pointi mbili, moja iko mita 1,200, nyingine mita 1,500, kati yake sentimita 6. Sentimita 6 hapo ni kilomita 3, yaani umepanda mita 300 ndani ya mita 3,000: mteremko wa 1 kwa 10. Barabara ikiwa na kona unachukua uzi, unaufuatisha taratibu, halafu unaunyoosha kwenye skeli. Ongeza takwimu na upimaji kwa dira, utaona kwa nini wengi wanaoingia wakidhani ni mteremko (wa aina nyingine!) hukwama hapo hapo.

Desemba 2023 tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang likafukia makazi Katesh na kuua watu wengi. Maporomoko ya ardhi yamo kwenye silabasi, pamoja na sababu zake. Kusoma kwa nini udongo unateleza, na wapi usijenge, sioni kama ni kujazia.

Ubaya ni kwamba shule ikikosa vifaa, upimaji hufundishwa ubaoni na dira mwanafunzi anaijua kwa picha. Ningekuwa mzazi, kabla ya kugusa Selform ningepiga simu shuleni niulize: ramani mnazo ngapi, na mara ya mwisho wanafunzi kutoka nje kupima ilikuwa lini?