Kuiba nguruwe si rafu

Dakika ya tatu, nguruwe wangu wa kwanza akaondoka. Skauti wa mpinzani alimchokoza kwa pigo moja, akageuza farasi, na nguruwe akamfukuza hadi upande wa pili wa ramani. Anayecheza Age of Empires II, gemu ya kompyuta ya kujenga mji na kupigana, anaujua uchungu huo. Nguruwe mwitu mmoja ana chakula 340, na mwanakijiji mmoja anagharimu 50, kwa hiyo nilikuwa nimepokonywa karibu wanakijiji 7 kabla ya vita kuanza. Kupanda zama ya pili kunataka chakula 500. Hesabu hiyo niliipiga kwa hasira, nikamwandikia mpinzani wangu kwamba ni mwizi na anacheza rafu.

Neno hilo, rafu, ndilo linalogombanisha karibu kila jamii ya magemu ya mikakati. Wapo wanaosema mbinu ambayo waundaji hawakuikusudia ni udanganyifu hata kama programu inaikubali. Wapo wanaosema kinachowezekana ndani ya mchezo ni mchezo.

Wa kwanza wana hoja. Ramani hugawa nguruwe wawili kwa kila mchezaji ili wote waanze sawa, na anayempoteza mmoja mapema huweza kucheza pambano zima akikimbiza pengo lile lile. Mgeni akitendewa hivyo mara tatu mfululizo, anazima kompyuta na harudi. Jamii isiyopata wageni hufa taratibu, na hilo silidharau hata kidogo.

Lakini itazame kazi ya huyo mwizi. Wakati skauti wake yuko kwangu, kondoo wake hawajatafutwa wote na hajui msitu wake umekaaje. Anatakiwa amwongoze skauti kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ahakikishe kituo chake cha mji hakiachi kuzalisha wanakijiji. Akikimbia mbali mno, nguruwe anakata tamaa na kurudi. Akimfikisha, bado pigo la mwisho lazima litoke kwa mwanakijiji, kwani nguruwe akiuawa na mishale ya kituo au na askari, nyama yote inapotea. Nilipoitazama upya rekodi ya pambano letu nilimwona skauti wake akipita pembeni ya kituo changu mara mbili, wazi kabisa, huku mimi nikipanga kondoo. Ningeweza kumpeleka mwanakijiji mapema, au kumziba njia kwa skauti wangu. Sikufanya lolote. Na wengi wanaopiga kelele kuhusu nguruwe hawaoni shida kusimamisha mnara pembeni ya dhahabu ya mwenzao. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Mfano unaonishawishi kuliko yote uko StarCraft: Brood War, mchezo wa 1998. Humo kikosi kimoja hakizidi viumbe 12. Wachezaji wa Zerg, mmoja wa pande tatu za mchezo huo, waligundua kwamba ukiwaweka Mutalisk 11, viumbe wao wa kushambulia wanaoruka, kundi moja na Overlord mmoja, kiumbe anayeruka asiyepigana, aliye mbali, mchezo unaacha kuwapanga kwa mtawanyiko, na wote 11 wanarundikana mahali pamoja kama kiumbe kimoja. Hakuna aliyekaa kubuni jambo hilo. Ni matokeo ya jinsi programu inavyopanga mwendo wa makundi. Kila Mutalisk hupiga 9. Askari wa kawaida wa Terran, upande wa binadamu, ana uhai wa 40, tabibu wake 60. Rundo linakuja, linapiga mara moja, tabibu anaanguka, na rundo limeshageuka kabla risasi hazijajibu.

Kwa kipimo cha "waundaji hawakukusudia", hiyo ingefutwa siku ya kwanza. Haikufutwa. Marekebisho ya mwisho ya kusawazisha nguvu za pande tatu yalikuja na toleo la 1.08 mwaka 2001, na tangu hapo wachezaji waliachiwa wenyewe. Terran wakajifunza pa kuweka mitambo ya kutungulia, wakajifunza kuwatembeza askari kwa pamoja bila kumwacha mmoja nyuma, wakatumia mionzi ya Irradiate, ambayo inawaunguza wote waliorundikana. Watengeneza ramani nao wakaanza kufikiria nafasi iliyo nyuma ya madini. Mafunzo yote hayo yalizaliwa na hitilafu. Ukiiondoa hitilafu unaondoa na majibu yake, na mtu aliyeona Mutalisk 11 wakicheza na ukingo wa masafa ya mitambo bila kupoteza hata mmoja hawezi kuniambia kwamba pale hapakuwa na ustadi.

Sisemi kila mwanya ni halali. Septemba 2020 ESIC, tume ya uadilifu wa michezo ya kielektroniki, iliwafungia makocha 37 wa Counter-Strike, gemu ya timu za kupigana risasi, kwa hitilafu iliyowawezesha kuona sehemu ya ramani wasiyostahili kuiona wakati mechi inaendelea. Ule si mchezo wa mikakati kama hii mingine, ila tofauti inaonekana vizuri. Mpinzani hakuwa na njia ya kujua, hivyo hakuwa na njia ya kujibu. Nguruwe wangu aliondoka mbele ya macho yangu.

Katikati ya hizo mbili kuna kesi ngumu. Mwaka 2013, kwenye The International, mashindano makubwa ya gemu ya timu Dota 2, Dendi wa timu ya Na'Vi alikuwa akirusha ndoano ya Pudge, mhusika wake, na ndoano ikiwa bado hewani Chen, mhusika wa mwenzake Puppey, anamrudisha Pudge nyumbani. Aliyenaswa anaburutwa ramani nzima hadi kwenye chemchemi ya Na'Vi na kufa papo hapo. TongFu, timu pinzani, walipoteza mechi hivyo, na watu waligawanyika vikali. Mimi naona wasiwasi wa waliolalamika ulikuwa wa haki, kwa kuwa adhabu ilikuwa kubwa mno kwa kosa dogo la kusimama vibaya. Valve, kampuni iliyounda Dota 2, iliondoa mbinu hiyo baadaye, kwa kuubadilisha mchezo wenyewe. Matokeo ya TongFu hayakuguswa, na Dendi hakuitwa tapeli na yeyote mwenye mamlaka.

Mpinzani wangu wa siku ile nilimtafuta nikamwomba radhi. Tukacheza tena. Safari hii skauti wake alipotokea, mwanakijiji wangu alikuwa ameshamfikia nguruwe.