Oda ya rektifaya ianze na joto, siyo ampia

Viwandani kwetu, oda nyingi za vipuri vya rektifaya, yaani mashine ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC, ni mstari mmoja tu: thairista (swichi ya silikoni iliyo ndani yake), ampia 500, volti 1600, pisi sita. Idara ya manunuzi inaupeleka kwa wauzaji watatu, kotesheni zinarudi, na mwenye bei ya chini anapewa kazi. Miezi michache baadaye mbili zimeungua, na lawama zinaenda kwa muuzaji kwamba ameleta feki. Feki zipo, sibishi. Lakini naamini thairista nyingi huuawa na oda yenyewe kabla hata hazijafungwa.

Ampia 500 zile zina masharti yake. Datashiti, karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, huzitoa kwa joto fulani la ganda la kifaa, mara nyingi nyuzi 85, na kwa upoozaji fulani: upande mmoja au pande zote mbili. Ndani, kwenye silikoni yenyewe, thairista ya kawaida ya viwandani haitakiwi kuzidi nyuzi 125. Tofauti kati ya hizo 125 na hewa iliyomo kwenye paneli ndiyo akiba yote tuliyo nayo.

Tufanye hesabu. Thairista moja inapoteza wati 300 kama joto. Tuseme kutoka silikoni hadi hitisinki, chuma chenye mapezi kinachotoa joto hewani, kila wati inapandisha joto nyuzi 0.08, na kutoka hitisinki hadi hewani nyuzi 0.12. Jumla ni 0.20, mara 300 ni nyuzi 60. Paneli ikiwa na nyuzi 45 ndani, jambo la kawaida Dar es Salaam mwezi wa pili, silikoni iko kwenye 105. Hapo tuko salama. Sasa kichujio cha feni kizibwe na vumbi la saruji au la pamba mpaka hitisinki ipoteze nusu ya uwezo wake: 0.12 inakuwa 0.24, jumla 0.32, na silikoni inafika 141. Mzigo ni uleule, volti ni zilezile, na kifaa kimeshavuka mpaka wake.

Ndiyo maana nataka oda itaje kwanza joto la hewa inayoingia kwenye hitisinki, siyo la ofisi ya meneja, kisha aina ya vumbi na mwinuko wa mahali. Viwango vya kimataifa vya vifaa hivi kwa kawaida huchukulia hewa isiyozidi nyuzi 40 na mwinuko usiozidi mita 1,000. Nairobi iko karibu mita 1,700. Kolwezi, huko Kongo, ambako rektifaya kubwa hulisha matangi ya kuzalisha shaba kwa umeme, iko juu ya mita 1,400. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo feni ileile inaondoa joto kidogo zaidi, na muuzaji asipoambiwa atakuuzia kifaa cha pwani. Mombasa nako mwinuko hakuna, ila chumvi inakula maungio. Omba baa za shaba zilizopakwa bati na kadi za kuwashia thairista zilizopakwa vanishi.

Halafu mzigo wenyewe. Chaja ya betri na mota ya DC inayoanza ikiwa imebeba mzigo haziwezi kuandikiwa oda moja. Kama mota inavuta asilimia 150 kwa dakika moja, andika hivyo, na andika pia inarudia mara ngapi kwa saa, kwa sababu joto la kuanza mara ya pili linajumlishwa juu ya lile ambalo bado halijatoka.

Mfano ninaoupenda ni rektifaya ya kupakia nikeli, volti 12 na ampia 1000. Ukiomba rektifaya tu, unaweza kuletewa daraja la awamu tatu, ambamo mkondo hupita kwenye dayodi (vali za umeme za njia moja) mbili mfululizo. Kila dayodi hula takriban volti moja, kwa hiyo kilowati 2 zinageuka joto wakati bafu la kupakia nikeli linapata kilowati 12. Mpangilio wa nyota mbili, ambamo transfoma ina seti mbili za koili, unapitisha mkondo kwenye dayodi moja tu badala ya mbili mfululizo: hasara inashuka hadi kilowati 1. Transfoma yake ni ghali zaidi, kweli, lakini bili ya umeme inakuja kila mwezi.

Volti ni rahisi. Laini ya 400 ikipanda asilimia 10 ni 440, na kilele chake ni 622. Zidisha kwa mbili hadi mbili na nusu kwa ajili ya radi na mishtuko ya kuwasha na kuzima, unapata kati ya 1244 na 1555, kwa hiyo unachukua ya 1600. Anayekushawishi uchukue za 1200 kwa sababu ziko stoo anakupunguzia kinga.

Fyuzi ziingie kwenye oda hiyohiyo. Thairista hufa kabla nusu ya wimbi haijaisha, yaani chini ya milisekunde 10, na fyuzi ya kulinda kebo haina mbio hizo hata kama ampia zinalingana. Inatakiwa fyuzi maalumu ya semikondakta, yenye nishati ya kukata iliyo chini ya ile ambayo thairista inaweza kuvumilia. Nunua na akiba yake, la sivyo usiku wa kuamkia Jumapili fundi wa zamu atafunga iliyopo.

Kwa thairista za umbo la kidonge, mimi nisingenunua pisi peke yake kama naweza kununua seti iliyokwisha kubanwa kiwandani. Kidonge kinabanwa kwa nguvu iliyoandikwa kwa kilonyutoni, katikati kabisa, juu ya uso bapa usio na mkwaruzo, na grisi nyembamba sana. Kikibanwa upande, sehemu tu ya silikoni inagusa vizuri, na hesabu yote ya hapo juu inakuwa bure.

Mwisho, oda idai karatasi ya hesabu ya joto pamoja na kotesheni, na jaribio la mzigo kamili kabla ya malipo ya mwisho: mashine iendeshwe mpaka joto la hitisinki liache kupanda, milango ya paneli ikiwa imefungwa.