Video za waya za meno, ila zipitie kwa daktari kwanza
Naunga mkono makala inayosema vijana wafundishwe kwa video namna ya kuishi na waya za meno, zile za kupanga meno. Binti yangu ana miaka 14. Siku alipofungwa waya daktari alimweleza kila kitu vizuri, lakini kufika nyumbani alikumbuka kimoja tu: asile mahindi ya kuchoma. Kilichomsaidia ni video fupi ya kupitisha kale kaburashi kembamba chini ya waya, jino moja baada ya jingine. Aliirudia mbele ya kioo, simu kaiegemeza kwenye bomba, mpaka akaweza. Uchafu ukiganda pale, siku waya zikitolewa jino linabaki na mabaka meupe, na hayo hayatoki kwa mswaki.

Ila jamani wazazi, tuangalie wanachotazama. Zipo video zinazofundisha kuziba mwanya kwa kujifunga mpira wa kawaida (rababendi) kwenye meno. Mpira ule huweza kuteleza chini ya ufizi, ukaharibu mfupa unaoshika jino, hata jino lenyewe likapotea. Chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani kilishaonya. Madaktari wetu, tunaomba mtutumie video mlizozikagua wenyewe, kwa Kiswahili, hata kwa WhatsApp.